Palsi, Wimbi na Wachimbaji wa Kabuku

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali watu wakawa wanainua simu juu na kuzishusha bila kufungua hata ujumbe mmoja. Wiki ile kila aliyejua kazi niliyoifanya zamani alinijia na swali moja. Kinyozi wangu ndiye aliyeliuliza vizuri zaidi: "Sasa mzee, bahari yote ile, hao watu wanajuaje waya umekatikia wapi?"

Nikamwambia kuna mtambo unaopiga mwanga ndani ya uzi wa kioo halafu unasikiliza kinachorudi, kama mtu anayepiga ukelele bondeni akasubiri mwangwi. Akaridhika, akaendelea na wembe. Mimi sikuridhika. Jibu langu lilimwacha akiamini kwamba mtambo ule unajua mambo, na miaka niliyoubeba kati ya Chalinze na Segera ilinionyesha kwamba OTDR, kama unavyoitwa mtambo huo, inajua muda tu. Inahesabu ni nanosekunde ngapi zimepita tangu mwanga uondoke mpaka uonekane tena. Umbali, upotevu na ubora wa kiungo vyote hupatikana kwa kuchanganya muda huo na yale uliyouambia wewe kabla ya kubonyeza kitufe. Ukiuambia vibaya utakujibu vizuri sana, kwa grafu safi yenye desimali tatu, na jibu litakuwa la uongo.

Niliingia kwenye kazi hii mwaka 2009. SEACOM ilianza kufanya kazi Julai mwaka huo, na nchi kavu nako mitaro ilikuwa inachimbwa kando ya barabara kuu. Mwaka huohuo Charles Kao alipewa Nobeli ya fizikia kwa hoja aliyoitoa mwaka 1966, kwamba kioo kikisafishwa hadi kipoteze si zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita kitafaa kubeba mawasiliano. Desibeli 20 maana yake baada ya kilomita moja inabaki asilimia 1 tu ya mwanga. Kioo tulichokuwa tunalaza sisi kilipoteza desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa hiyo baada ya kilomita hiyohiyo zaidi ya asilimia 95 ilikuwa bado ipo. Na bado tuligombana kutwa nzima juu ya splaisi, yaani kiungo cha uzi na uzi, iliyopoteza 0.1.

Ndani ya mfuniko wa mtambo wetu mtu alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene. Chini ya kilomita 2, nanosekunde 10. Hadi kilomita 20, nanosekunde 300. Hadi 60, maikrosekunde 1. Zaidi ya hapo, maikrosekunde 10. Hizo zilikuwa palsi, yaani muda wa kila mmweko wa mwanga unaorushwa kwenye kebo. Karatasi ilikuwa imefunikwa kwa selotepu ili jasho lisiifute, na hakuna aliyejua imeandikwa na nani. Tuliifuata kama cheti cha daktari.

Haikuwa karatasi mbaya. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 204,000 kwa sekunde, na kwa kuwa unakwenda na kurudi, kila nanosekunde 10 ni sawa na mita moja hivi ya kebo. Palsi ya maikrosekunde 1 inachukua mita 100, ya maikrosekunde 10 inachukua kilomita nzima. Palsi ndefu ina mwanga mwingi, hivyo inafika mbali na bado inasikika ikirudi. Ila vitu viwili vilivyo ndani ya urefu wake hujionyesha kama kitu kimoja. Palsi fupi inavitenganisha, lakini huchoka mapema, na grafu yake huzama kwenye kelele kabla ya kufika mwisho. Unaweza kuisaidia kwa kuuacha mtambo upige wastani kwa muda mrefu, ingawa hapo nako pana bei yake, maana ukitaka kelele zipungue kwa nusu sharti uongeze muda mara nne. Ukiwa juani na betri inaishia, mara nne ni nyingi.

Kasoro ya karatasi ile ni kwamba ilijibu swali la urefu wa kebo peke yake. Unachokitafuta kwenye kebo hiyo haikukiuliza.

Tuliliona hilo karibu na mto Wami. Kulikuwa na sehemu iliyopoteza karibu desibeli 0.6 mahali pamoja, na mteja alikataa kuipokea. Kutoka kituoni, kwa maikrosekunde 10 kama karatasi ilivyoagiza, ilionekana ngazi moja kwenye grafu. Jointi ya mahali pale ilikuwa inafahamika. Mafundi wakaifungua, wakakata uzi, wakaunganisha upya, wakapima, ngazi ikabaki vilevile. Wakarudia. Mashine ya splaisi ikawa inasema kila kiungo kimepoteza 0.02, OTDR inasema 0.6, na watu wakaanza kuilaumu mashine ya splaisi, halafu elektrodi zake, halafu vumbi, halafu fundi mwenyewe, kijana wa Muheza aliyekuwa na mkono mzuri kuliko sisi sote.

Siku moja tulipima kutoka kituo cha upande wa pili, kilichokuwa karibu zaidi na mto. Kwa umbali ule karatasi ilituruhusu nanosekunde 300, na ngazi moja ikagawanyika kuwa mbili, zikiwa zimepishana mita 60 hivi. Zamani kidogo kebo iliwahi kukatika hapo, na waliokuja kuitengeneza waliweka kipande kipya katikati, chenye jointi mwanzoni na nyingine mwishoni. Moja waliiwekea alama. Nyingine waliifukia bila kuiandika popote. Ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Jointi iliyofunguliwa na kufungwa mara kadhaa haikuwa na tatizo lolote tangu mwanzo.

Tangu hapo, nikiona ngazi kubwa mahali pamoja, huwa sigusi bisibisi kabla sijabadilisha palsi. Nafupisha hadi grafu ianze kuchakaa, na hapo ndipo ninapoamini kwamba ngazi ni moja au ni mbili. Wapo mafundi wanaoona aibu kuwa na grafu iliyochakaa kwa sababu haipendezi kwenye ripoti. Mimi grafu inayopendeza mno hunitia wasiwasi.

Kisa cha Kabuku ndicho kilichonikaa zaidi, kwa sababu kilihusu migongo ya watu.

Mtambo tuliokuwa nao wakati huo ulikuwa wa kukodi. Kwenye ukurasa wa pili wa mipangilio, ambao karibu hakuna anayeufungua, kuna namba inayoueleza mtambo ni kwa kiasi gani kioo kinaupunguzia mwanga mwendo. Mafundi huiita IOR. Kwa uzi wa kawaida wa masafa marefu ni takriban 1.468. Wetu ulikuwa umeachwa kwenye 1.5000, namba nzuri ya mviringo. Kama uliwekwa hivyo kiwandani au na waliokodi kabla yetu, hatukupata kujua. Tofauti ni asilimia 2 na kidogo, na kwa maneno hiyo si kitu. Kwa kilomita 40 ni mita 850.

Ajabu ni kwamba mara ya kwanza tulipoutumia uliona vizuri. Kebo ilikatika, mtambo ukasoma kilomita 39.15, tukaendesha tukiangalia kilomita kwenye dashibodi, na tulipokaribia tukaliona greda limesimama kando ya mtaro na dereva wake akijifanya anakagua tairi. Hata kuchimba hatukuchimba. Kuanzia siku hiyo msimamizi wetu akawa na msemo: "Huu mtambo haudanganyi."

Ukweli ni kwamba ulikuwa umekosea, na kosa la pili likalifuta la kwanza. Uzi ulio ndani ya kebo huwa mrefu kuliko kebo yenyewe, kwa sababu umelazwa kwa kujizungusha ili kebo ikivutwa uzi usikatike. Tena kwenye kila shimo la barabara ile kulikuwa na akiba ya kebo iliyokunjwa, mita kumi, mita ishirini. Ukijumlisha yote, kilomita 40 za uzi zilikuwa kama kilomita 39 za barabara. IOR kubwa mno ilifupisha hesabu, na kwa bahati ikaifupisha karibu sawasawa na vile akiba ilivyoirefusha. Mtambo wenye mpangilio sahihi ungetupeleka kilomita nzima mbele ya greda, na tungesema ndio mbovu.

Kisha kikakatika kipande cha Kabuku. Hicho kilikuwa kimelazwa baadaye, kebo ikiwa imepulizwa ndani ya bomba, na akiba ilikuwa kwenye jointi tu. Mtambo ukasoma kilomita 31.3. Msimamizi akasema msemo wake, vibarua wakashushwa kwenye gari pembeni ya shamba la mkonge, wakaanza. Udongo ulikuwa mkavu. Walilipwa kwa mita, na kwa makubaliano ya siku hizo mita iliyochimbwa mahali ambapo hapakuwa na tatizo ililipwa nusu. Walipofika kwenye bomba wakalikuta zima. Wakaambiwa wafuate upande wa kituoni. Zima. Saa nane mchana, mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia ya msikitini, alijiegemeza kwenye jembe akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, huyo mdudu wenu anayewaonyesha, ana uhakika ni upande huu?"

Sikuwa na cheo cha kumjibu. Aliyelijibu swali lake ni mhandisi aliyekuja jioni kutoka Dar es Salaam. Hakuchimba wala hakupima tena. Alifungua ukurasa wa pili, akasoma 1.5000, akacheka bila furaha. Alipoweka namba iliyoandikwa kwenye karatasi za kebo, kilomita 31.3 ikawa 32. Lakini hakwenda kwenye 32 pia, na hapa ndipo nilipojifunza kazi. Alitafuta kwenye grafu jointi ya mwisho inayoonekana kabla ya mkato. Ilikuwa kwenye 30.4. Jointi hiyo ilikuwa na nguzo ya alama ardhini, kila mtu aliweza kuigusa. Akasema, "Tunatoka kwenye nguzo, kilomita 1.6 basi. Hata kama hesabu yangu ina makosa ya asilimia moja, nimekosea mita 16." Akachukua gurudumu la kupimia, akatembea nalo kando ya mkonge huku giza linaingia. Mkato ulikuwa chini ya nguzo mpya ya uzio, zaidi ya mita 350 kutoka pale vibarua walipoanzia, upande ambao hawakuambiwa kuugusa.

Watu wa ofisini hulizungumzia suala la mipangilio ya vipimo kana kwamba ni suala la usahihi wa ripoti. Kwangu limebaki kuwa suala la yule mzee na malipo yake ya nusu. Kila namba iliyoachwa vibaya kwenye mtambo hulipwa na mtu mwenye jembe, na mara nyingi mtu huyo hata jina la mtambo halijui.

Baadaye nilihamia kazi za majengo, Upanga na Posta za Dar es Salaam, ambako kebo nzima ni fupi kuliko palsi moja ya barabarani. Huko karatasi ya mfuniko haikuwa na maana. Ukipiga maikrosekunde 1 kwenye jengo, mwako wa kiunganishi cha kwanza unafunika ghorofa zote. Inabidi palsi fupi kabisa, na inabidi rili, yaani uzi uliozungushwa kwenye kisanduku unaowekwa kati ya mtambo na kebo, ili mtambo upate nafasi ya kupumua kabla ya kiunganishi cha kwanza. Bila rili hiyo kiunganishi cha kwanza hakijapimwa, hata ripoti iseme nini. Bila rili nyingine upande wa mwisho, cha mwisho nacho hakijapimwa. Rili huachwa ofisini kwa kisingizio kwamba ni mzigo, nami nimewahi kuona mzigo huo. Unaingia kwenye begi la shule.

Kule Upanga kulikuwa na ofisi moja ambayo mawasiliano yake yalikufa kila fundi akiondoka. Alipofika, yakafufuka. Wenye ofisi wakafika mahali pa kusema jambo hili si la kawaida, na mlinzi alikuwa na maelezo yake kamili kuhusu mti uliokatwa nyuma ya jengo. Vipimo vyote vilivyokuwepo vilifanywa kwa wimbi la nanomita 1310 na vyote vilikuwa vizuri. Tulipima kutoka upande wa pili wa mtaa, huku tumemwomba mlinzi aufunge mlango wa kabati la vifaa. Kwa 1310 ilionekana ngazi ya desibeli 0.4, kitu ambacho mtu angekisamehe. Kwa 1550, desibeli 4. Kebo iliyoingia kwenye kabati ilikuwa imepita kwenye bawaba, na mlango ukifungwa inabanwa. Kila fundi aliyefika aliufungua mlango kabla ya kupima.

Mkunjo ndivyo ulivyo. Kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo mwanga unavyovuja zaidi kwenye kona. Kwa upande mwingine, 1310 hutawanyika ndani ya kioo karibu mara mbili ya 1550, kwa sababu ileile aliyoieleza Rayleigh kuhusu anga kuwa la buluu, ndiyo maana hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita wakati 1550 hupoteza 0.2. Ukipima kwa mawimbi yote mawili na tofauti ikaonekana mahali pamoja tu, hapo tafuta kona, tai ya plastiki iliyokazwa mno, mlango. Ukipima kwa moja, huna cha kulinganisha. Na kama uzi una mawasiliano yanayopita, hayo mawili yote hayakuhusu. Unatumia 1625 au 1650 yenye kichujio, usije ukamkatia mteja huduma au ukauunguza mtambo wako kwa mwanga wake.

Kinyozi wangu alitaka habari za bahari, nami kwenye meli sijawahi kupanda. Ila najua kwa nini mtambo wetu wa kubeba usingewasaidia waliotafuta mikato ile ya mwaka 2024. Kila baada ya makumi ya kilomita mkongo wa baharini una kikuza mwanga, na ndani yake kuna kizuizi kisichoruhusu mwanga kurudi nyuma. Mwangwi unakwama kwenye kikuza cha kwanza. Wenye mikongo hutumia aina nyingine ya OTDR, ambayo mwangwi wake hurudishwa kwa uzi wa pili kupitia njia iliyotengwa kwenye kila kikuza. Mkato ulio karibu na pwani, kabla ya kikuza cha kwanza, mtambo wa kawaida unaweza kuuona kutoka kituo cha ufukweni. Februari 2012 nanga ya meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilikata mkongo wa TEAMS, na tangu nisikie habari hiyo, nikiona meli zimejipanga pale Magogoni huwa naziangalia kwa jicho la fundi.

Mitambo ya sasa ina kitufe cha kujipangia yenyewe. Hupiga palsi fupi, kisha ya kati, kisha ndefu, huunganisha majibu na kuchora picha ya jointi moja baada ya nyingine, zenye tiki za kijani. Vijana wananiuliza kama naichukia mitambo hiyo. Siichukii, ningekuwa bado kazini ningenunua. Karatasi ya mfuniko imekufa na haikustahili kuliliwa. Lakini kitufe hicho hakijui kama ulileta rili, IOR ya kebo yako bado inaandikwa kwa mkono, na hakiwezi kwenda Segera kupima kutoka upande wa pili.

Upande wa pili ndio unaorukwa kuliko vyote. Nyuzi mbili za viwanda tofauti zikiunganishwa, huenda moja inarudisha mwanga mwingi kuliko mwenzake, na grafu ikaonyesha mwanga umeongezeka kwenye kiungo, jambo ambalo kioo hakiwezi kulifanya. Kutoka Chalinze unaona umepata 0.12, kutoka Segera unaona umepoteza 0.20. Ukiweka pamoja na kugawa kwa mbili, upotevu wa kweli ni 0.04, splaisi nzuri kabisa. Aliyepima upande mmoja ataisifu kupita kiasi au ataibomoa bure. Gharama yake ni gari la pili na fundi wa pili, na hapo ndipo ujanja unapozaliwa.

Si muda mrefu uliopita niliombwa kusoma vipimo vya makabidhiano ya kebo ya nyuzi 48 kwa ajili ya taasisi moja. Mawimbi mawili, pande mbili, grafu 192, zote zimepita. Niliomba mafaili yenyewe badala ya picha zilizochapwa, nikavuta mkia wa kila grafu, pale mwanga unapoisha na kubaki kelele tupu. Kelele haijirudii, hata ukipima uzi uleule mara mbili mfululizo. Ya uzi wa 7 na ya uzi wa 31 zililingana nukta kwa nukta. Zikafuata nyingine. Grafu za upande wa pili zilikuwa za upande wa kwanza zilizobadilishwa majina.

Kazi ilirudiwa. Kwenye mkataba uliofuata wa taasisi hiyo niliwasaidia kuandika kifungu kinachotaja mawimbi, IOR kama ilivyo kwenye karatasi za kebo, urefu wa rili za pande zote mbili, palsi fupi kuliko zote inayofika mwisho, na mafaili ghafi kukabidhiwa siku ileile ya kupima. Wakandarasi wawili waliuliza kama kifungu hicho kinaweza kulegezwa. Wa tatu hakuuliza, aliongeza bei kwa sababu ya gari la pili na posho ya fundi wa kulala Segera. Nilimshauri mteja ampe huyo.